Michoro ya kitabuni inageuka rundo la nukta: tuiandaeje kwa wanafunzi wasioona?

Mwalimu wa Jiografia, Dodoma

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kawaida yenye kitengo cha wanafunzi wasioona, na kidato cha pili mwaka huu kina wanafunzi saba wanaosoma kwa nukta nundu. Mwaka jana tulipewa mashine ya kuchapa nukta nundu inayounganishwa na kompyuta. Kwa upande wa maandishi imetuondolea adha kubwa, kwani notsi za wiki nzima, ambazo zamani mwalimu wa kitengo alizigonga kwa Perkins, ile taipureta ya nukta nundu, hadi usiku, sasa zinatoka kwa dakika chache. Tatizo langu ni michoro.

Wiki mbili zilizopita niliipiga picha ramani ya Tanzania iliyomo kwenye kitabu cha kiada, ile yenye mikoa yote, maziwa, mito mikubwa na reli, nikaiingiza kwenye programu iliyokuja na mashine, nikaiamuru ichape. Karatasi ilitoka imejaa nukta kutoka pembe hadi pembe. Kwa macho, ukiishika kwa mbali na kuielekeza dirishani, unaweza kubahatisha umbo la nchi. Nilipompa mwanafunzi mmoja, tena yule aliye hodari kuliko wote katika kusoma, aliipapasa kwa mikono miwili kwa muda mrefu, akatulia, kisha akaniuliza kwa adabu, “Mwalimu, hii ni mvua?” Darasa lilicheka, nami nilicheka, ila nilirudi nyumbani nikiwa sina raha.

Nimejaribu kuongeza mwangaza wa picha, nimejaribu kuikuza, nimejaribu karatasi nzito zaidi, na matokeo ni yale yale. Baya zaidi, nilipoichapa ramani hiyo katika faili moja na notsi zake, nukta za maandishi ya ukurasa wa nyuma ziliacha vishimo katikati ya ramani, hata Mkoa wa Singida ukawa na sentensi nzima ndani yake.

Mkuu wa shule ananiuliza kama tuwaandikie wafadhili barua ya kuomba mashine nyingine, au zile karatasi zinazovimba kwa joto ambazo nimesikia zinatumika kwingineko. Kabla sijaomba kitu nisichokijua, naomba wenye uzoefu mnisaidie: kosa liko kwenye mashine, kwenye programu, kwenye karatasi, au kwangu mimi? Na baada ya ramani, muhula huu nina grafu ya mvua na joto ya kufundisha, ambayo kitabuni ina mihimili na mstari wa kupinda juu yake kwa pamoja.

Mchapaji wa nukta nundu, Dar es Salaam

Mwalimu, pole, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuandika barua. Nimeandaa vitabu vya nukta nundu kwa miaka kumi na minne, na mvua hiyo ya mwanafunzi wako nimeichapa mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mashine yako ni nzima. Umeipa picha iliyochorwa kwa ajili ya jicho, nayo ikakuchapia kila ilichokiona: rangi ya mikoa, kivuli cha karatasi, herufi za majina, hata mkunjo wa kitabu.

Jicho huipokea ramani yote kwa mara moja na kuipambanua kwa rangi. Kidole hupokea eneo dogo lililo chini ya ncha yake tu, na nukta mbili zinapokaribiana chini ya milimita 2 hivi, huzihisi kama kitu kimoja. Ndiyo maana katika nukta nundu za kawaida, nukta za seli moja (kisanduku cha nukta sita kinachobeba herufi moja) huachana kwa takriban milimita 2.5, seli na seli kwa milimita 6, mstari na mstari kwa milimita 10, na kimo cha nukta ni kama nusu milimita. Ukivikumbuka vipimo hivyo vinne, nusu ya kazi umeimaliza, kwa sababu utaacha kuuliza “mchoro huu utaingiaje?” na kuanza kuuliza “kipi kitoke?”

Hebu tuipime ramani yako. Tanzania ina upana wa kilomita 1,200 hivi kutoka Ziwa Tanganyika hadi pwani. Ukiiweka kwenye karatasi ya A4 yenye milimita 210 na kuacha ukingo mdogo, kila milimita moja inabeba kilomita 6. Ziwa Tanganyika, ambalo kwa wastani lina upana wa kilomita 50, linabaki na milimita 8 tu. Ndani ya milimita hizo nane kitabu chako kimechora ufuko wa mashariki, mpaka wa kimataifa katikati ya maji, na ufuko wa magharibi, yaani mistari mitatu mahali ambapo kidole kinaweza kufuata miwili kwa raha. Mimi huuondoa mpaka wa majini na kuutaja kwa maneno. (Wa Ziwa Nyasa huutaja kwa uangalifu zaidi, lakini huo ni mjadala wa jukwaa jingine.)

Sasa majina. “Bahari ya Hindi” ina herufi kumi na tatu na nafasi mbili, na ukiongeza alama mbili za herufi kubwa unapata seli kumi na saba, ambazo ni milimita 102. Karibu nusu ya upana wa karatasi imeliwa na jina moja, na bado hujaandika Kilimanjaro. Kwa hiyo kwenye ramani huandikwa vifupisho vya herufi mbili, kwa mfano “bh” kwa bahari, “zv” kwa Ziwa Viktoria na “zt” kwa Ziwa Tanganyika, na maneno kamili huwekwa kwenye ufunguo. Kuzunguka kila kifupisho acha angalau milimita 3 tupu, la sivyo nukta ya mpaka itajiunga na herufi na kuigeuza kuwa herufi nyingine.

Kabla ya kugusa kompyuta, andika kwenye daftari swali ambalo mchoro unapaswa kulijibu. Kama swali ni “Tanzania imepakana na nini?”, unahitaji mzingo wa nchi, maziwa makuu matatu, bahari, na vifupisho vya nchi nane jirani; mikoa, mito na reli vyote vitoke. Kama swali ni “Reli ya Kati na TAZARA zinapita wapi?”, basi mzingo wa nchi ubaki mwepesi na reli ziwe nzito. Mikoa yote kwenye karatasi moja isahau kabisa. Igawe kwa kanda, karatasi moja kanda moja. Ramani moja ya kitabuni kwangu huzaa kurasa nne hadi saba, na anayelalamika kwamba ni karatasi nyingi huwa namwomba afumbe macho aisome hiyo moja.

Kuhusu uchoraji wenyewe, usitegemee programu ibadilishe picha. Tumia programu ya kuchora mistari, kwa mfano Inkscape ambayo ni ya bure: weka picha ya kitabu chini kama tabaka la kufuatisha, chora juu yake mistari michache minene, kisha lifute tabaka la chini ndipo uipeleke kwenye mashine. Pwani inyooshe bila huruma, kwani kila kighuba utakachokibakiza ni mahali pa kidole kupotelea. Aina za mistari na maumbile ya ujazo (mikwaruzo au vitone vya kujazia eneo) zisizidi tatu au nne kwenye ukurasa mmoja. Ile ajali ya Singida ina dawa rahisi: mashine imewekwa ichape pande mbili za karatasi, jambo ambalo ni zuri kwa maandishi na haramu kwa michoro. Tenganisha faili, na kwa faili la michoro chagua upande mmoja.

Zipo mashine zenye uwezo zaidi, sikatai. Za ViewPlus, kampuni iliyoanzishwa na John Gardner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1988 na kujikuta hana njia ya kusoma grafu za fani yake, huchapa nukta 20 kwa inchi, yaani nukta moja kila milimita 1.27, tena kwa vimo tofauti, hivyo mpaka unaweza kusimama juu na ujazo wa ziwa ukalala chini. Lakini hata hiyo ukiipa picha ya kitabu ilivyo, itakutolea mvua, tena ya rasharasha.

Mwalimu wa Historia asiyeona, Tabora

Nakubaliana na mchapaji kwa sehemu kubwa, ila niongeze upande wa anayepapasa, maana karatasi nyingi nilizopewa shuleni zilikuwa zimefuata vipimo vyote na bado hazikuniambia kitu.

Nilipokuwa kidato cha kwanza niliamini kwa muhula mzima kwamba Ziwa Viktoria ni kilima kilichozungushiwa ukuta. Ramani yangu ilikuwa na mstari mzuri, wazi, uliojifunga wenyewe juu kaskazini, na hakuna kilichonionyesha kama maji yako ndani ya mstari au nje yake. Anayeona hupata jibu kwa rangi ya buluu bila hata kujua kwamba ameuliza. Kwa hiyo, Mwalimu, maji yote yape umbile lake, kwa mfano mistari ya mlalo ya nukta zilizoachana, ardhi iache tupu, na mpango huo usiubadilishe kutoka ramani hadi ramani mwaka mzima. Mwanafunzi akishazoea kwamba palipo na mikwaruzo ya mlalo ni maji, ataingia kwenye ramani ya Afrika Magharibi kama mtu aingiaye nyumba ya jirani.

Kuna jambo jingine ambalo wenye macho hulisahau. Ninyi mnaanza na umbo zima kisha mnashuka kwenye vipande. Sisi tunaanza na kipande na kulijenga zima kichwani, na huko kujenga kunahitaji mahali pa kuanzia. Usimpe mwanafunzi karatasi na kunyamaza. Juu ya mchoro kuwe na kichwa cha habari na sentensi mbili au tatu, kwa mfano: “Weka mkono wa kulia kwenye ukingo wa kulia, mikwaruzo unayoigusa ni Bahari ya Hindi. Fuata mstari kuelekea juu hadi unapokata kushoto. Hapo umeanza mpaka wa Kenya.” Kisha kata kidogo pembe ya juu kulia ya kila karatasi ya mchoro, ili kaskazini isije ikawa magotini. Mimi nimewahi kuisoma Afrika kichwa chini kwa nusu kipindi na nikajibu maswali mawili kwa usahihi, jambo ambalo hadi leo silielewi.

Ninapotofautiana na mchapaji ni kwenye ufunguo. Wachapaji wengi huuweka chini ya ramani au nyuma yake, na hapo msomaji hulazimika kuondoa mikono yote miwili, akirudi amepotea. Uchape ufunguo kwenye karatasi ya peke yake, uuweke kushoto kwa ramani, ili mkono wa kushoto usome “zt, Ziwa Tanganyika” huku kidole cha mkono wa kulia kimebaki palepale kilipoikuta “zt”.

Na tafadhali usiwaletee picha za vitu vyenye pande tatu zilivyochorwa kitabuni. Mchemraba uliochorwa kwa mshazari, kwa mtu ambaye hajawahi kuona, ni pembenne mbili zilizogongana. Mpe boksi la chaki mkononi kwanza, kisha mchoro wa uso wa mbele, kisha wa juu, kila mmoja peke yake. Kwa mlima wa volkeno, mfinyangie udongo, uukate katikati kwa uzi, aushike upande uliokatwa. Baada ya hapo mchoro wa mkato wa mlima utakuwa na maana kwake.

Mwalimu mstaafu, Mombasa

Mwanangu wa Dodoma, mimi nilifunza watoto wasioona kwa miaka mingi kabla ya hizo mashine kufika, na breli, kama tunavyoiita huku kwetu, tuliigonga kwa Perkins na kwa kibao cha mkono. Nakuandikia kwa sababu siku umeme utakapokatika, au mashine ikakwama ikingoja kipuri kutoka Ulaya, mtihani hautangoja.

Tafuta karatasi ya manila, kigurudumu chenye meno ambacho mafundi wa cherehani hukitumia kuhamishia alama za mshono kwenye kitambaa, na kipande cha mpira wa ndala kuukuu. Laza manila juu ya mpira, kokota kigurudumu kwa kukaza mkono, na upande wa chini utapata mstari wa nukta ndogo zilizosimama vizuri. Angalia neno hilo: upande wa chini. Unachora nyuma ya karatasi, kwa hiyo kila kitu kitageuka kama kwenye kioo. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilikesha nikitengeneza ramani ya Kenya kwa darasa zima, nikazigawa asubuhi nikijivuna, na mtoto mmoja akaniuliza mbona leo Bahari ya Hindi iko Uganda. Tangu siku hiyo huibandika ramani ya kitabu kwenye kioo cha dirisha, uso wake ukitazama nje, nikaifuatisha kwa penseli ikiwa imegeuka, ndipo nikashika kigurudumu.

Ukitaka mistari ya aina mbalimbali, tumia gundi nyeupe ya mbao. Imimine kutoka kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, iache ikauke usiku kucha (huku pwani wakati wa masika ni siku mbili), na itabaki mstari laini ulioinuka. Juu yake waweza kulaza uzi wa katani kwa mpaka wa nchi na uzi mwembamba wa nailoni kwa mto. Mchanga uliochekechwa hufaa kwa jangwa. Msasa mkali usiutumie hata kidogo, maana unachubua ncha za vidole, na mtoto huyo hana macho mengine zaidi ya hizo ncha.

Nakala moja ya gundi na uzi huweza kuzaa nyingine nyingi kwa ile mashine ya kupasha plastiki joto na kufyonza hewa chini yake hadi plastiki ishike umbo la kilicho chini. Nta usiitumie kwenye nakala hiyo mama, itayeyuka; na yatoboe kwa sindano yale maeneo mapana uliyoyabandika, ili hewa ipite na plastiki izame hadi pembeni. Ubaya wake ni kwamba plastiki na joto letu haviivani: kiganja kikitoa jasho, kidole kinanata badala ya kuteleza. Wanafunzi wangu walikuwa wakijipaka poda mikononi kabla ya somo la Jiografia, na walimu wageni walidhani ni urembo.

Hiyo grafu yako ya mvua haihitaji hata gundi, Perkins inaitosha. Kila seli yenye nukta zote sita ihesabu kuwa milimita 10 za mvua, nukta za chini pekee ziwe milimita 5, na panga seli hizo moja juu ya nyingine kuwa mhimili. Mihimili kumi na miwili, kila mmoja ukiacha nafasi ya seli moja baina yake na jirani, inahitaji seli 23, nayo Perkins ina mistari 25 kwenda chini, kwa hiyo hata mwezi wa milimita 150 unaingia na nafasi ya majina inabaki. Kumbuka mashine hushuka, haipandi, kwa hiyo lazima uanzie kwenye kilele cha mhimili mrefu kuliko yote. Chora kwanza kwenye karatasi ya miraba. Chini ya mihimili usiandike herufi za mwanzo za miezi, kwa kuwa utapata “j” tatu na “m” mbili. Andika a hadi l, nao wanajua tayari kwamba katika breli a ni moja na b ni mbili. Mstari wa joto uchore kwenye karatasi ya pili, miezi ikiwa imekaa mahali palepale, ili mkono mmoja uwe kwenye mvua na mwingine kwenye joto. Ukivirundika pamoja kama kitabuni, mstari utakatiza mihimili na hakuna atakayejua kilichokatika ni kipi.

Fundi wa vifaa vya elimu maalumu, Nairobi

Niseme machache kuhusu karatasi zinazovimba, kwa kuwa mwalimu aliziulizia na wenzangu wamezipita. Uso wa karatasi hizo umepakwa vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Unachora au kuchapa kwa wino mweusi wenye kaboni, kisha unaipitisha karatasi kwenye mashine yenye taa ya joto. Palipo peusi hunyonya joto zaidi, vifuko vinavimba, na mstari unainuka. Rangi zisizo na kaboni hubaki chini, na sisi huutumia udhaifu huo kuandika kwa rangi nyekundu maelezo ya mwalimu anayeona, juu ya mchoro uleule, bila kumsumbua mwanafunzi.

Faida yake ni kwamba mistari ya kupinda inatoka ya kupinda kweli, wala si ngazi ya nukta, ndiyo maana walimu wa Hisabati na Biolojia huipenda. Hasara yake ni bei: karatasi moja hugharimu mara nyingi zaidi ya karatasi ya kawaida ya nukta nundu, mashine ya joto hununuliwa peke yake, na mchoro ukikwaruzwa kwa kucha hubanduka. Eneo pana jeusi huvimba kwa mawimbi, kwa hiyo usijaze ziwa kwa wino. Lijaze kwa vitone. Herufi za kawaida zilizosahaulika kwenye picha nazo huvimba, na hakuna kinachomchanganya msomaji wa nukta nundu kama neno la wenye macho lililoinuka nusu milimita. Nukta nundu zenyewe unapoziandika kwa fonti, zipime kwa rula baada ya kuchapa, kwa sababu fonti ikiwa ndogo kwa asilimia kumi tu, seli zinabanana na neno halisomeki.

Kwa shule yenye wanafunzi saba na mashine iliyokwishapatikana, mimi nisingeandika barua ya kuomba karatasi hizo mwaka huu. Ningeomba karatasi nzito ya gramu 160, na kabati kavu la kuhifadhi michoro ikiwa imesimama, kwa sababu ikirundikwa chini ya vitabu nukta hulala ndani ya muhula mmoja.

Mwalimu wa Jiografia, Dodoma

Shikamoo mama wa Mombasa, na asanteni nyote. Imepita wiki tatu, na nimeona si vizuri kupokea ushauri wote huu kisha nikanyamaza.

Nilianza na grafu, kwa sababu nilitaka ushindi wa haraka. Nilitumia mvua ya hapa kwetu Dodoma. Nilipompa yule mwanafunzi wa “hii ni mvua?” karatasi ya Perkins, alipapasa mihimili kuanzia kushoto, akashuka taratibu hadi Mei, kisha vidole vyake vikapita Juni, Julai, Agosti na Septemba bila kugusa kitu. Akarudi nyuma, akapita tena, akidhani ameruka mstari. Halafu akasema, “Kumbe kiangazi ndiyo kiko hivi,” na safari hii hakuna aliyecheka. Wenzake wanaoona walikuwa wamenakili grafu ileile ubaoni siku iliyotangulia, na nina shaka kama kuna hata mmoja aliyeshangazwa na miezi minne mitupu.

Ramani ya mipaka nimeichora upya kwa Inkscape mara nne. Ya kwanza niliiona safi, mwalimu wa kitengo, ambaye yeye mwenyewe haoni, akaniambia ina mistari mingi mno. Ya pili nilisahau kuyapa maji umbile. Ya tatu mashine iliichapa pande mbili kwa sababu nilibadilisha mpangilio kwenye kompyuta moja nikachapa kwa nyingine. Ya nne imekubalika, ufunguo uko kushoto, pembe imekatwa, na sentensi za kuongoza mkono ziko juu. Mkuu wa shule amekubali barua iwe ya karatasi na kabati.

Limebaki swali moja, na si langu. Mwanafunzi mwenye asili ya Chake Chake ameizunguka pwani yote kwa kidole, akaniuliza Pemba iko wapi. Niliondoa visiwa vyote kwa kufuata ushauri wa kupunguza. Nilipovirudisha, Unguja ilitoka kama nukta nne, na msomaji mmoja akaniuliza kwa nini kuna herufi baharini.

Mchapaji wa nukta nundu, Dar es Salaam

Hapo, Mwalimu, hesabu inatuumbua. Unguja ina urefu wa takriban kilomita 85, ambazo kwenye karatasi yako ni milimita 14 tu, na Pemba ni milimita 11. Hicho ndicho kimo cha seli moja au mbili, kwa hiyo kisiwa chochote utakachokichapa kwa kipimo hicho kitasomeka kama herufi. Kwenye ramani ya mipaka vichore vikubwa kuliko vilivyo, kila kimoja kwa mstari uliofungwa, ukiwa mtupu ndani na mikwaruzo ya maji ikikomea milimita 3 kabla yake, na kwenye ufunguo useme wazi kwamba visiwa vimekuzwa. Kisha ongeza karatasi ya pwani pekee, kuanzia Tanga hadi Mtwara, ukiiacha A4 isimame wima. Hapo milimita moja itabeba kilomita 3 hivi, Pemba itapata zaidi ya sentimita 2, na Mafia itaonekana pia.

Mwalimu wa Historia asiyeona, Tabora

Na mwanafunzi huyo wa Chake Chake mpe karatasi hiyo ya pwani aikague kabla hujaichapa kwa wengine. Mwambie atafute kwanza Mkondo wa Pemba kwa kidole, kutoka Tanga hadi kisiwani. Kidole kikivuka bila kujikwaa, karatasi iko tayari.